Dole la Bi Mwanarehema

Nyumba yenyewe si ya kusifiwa. Iko Likoni, upande wa kwendea Mtongwe, nyuma ya msikiti mdogo wa rangi ya kijani. Chini ni kuta nene za mawe zilizopakwa chokaa. Juu ni matofali ya saruji ambayo hayakuwahi kupigwa lipu. Chini na juu havifanani kwa sababu havikujengwa na mtu mmoja, wala havikuwa mali ya mtu mmoja. Chini kulikuwa kwa Bi Mwanarehema, Mdigo wa hapo hapo, aliyerithi kiwanja kutoka kwa babake. Juu kulikuwa kwa Jael, Mjaluo wa Ugenya, fundi wa cherehani na mjane wa Jacktone aliyekuwa akiendesha winchi bandarini.

Ukiuliza inakuwaje juu ya nyumba ya mtu kuwe kwa mtu mwingine, basi hujakaa Pwani. Huku mtu humiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake, mwingine akamiliki minazi kwenye shamba la mwenzake, na mwingine akamiliki ghorofa nzima bila kumiliki hata kipandio kimoja cha ngazi ya kuifikia. Mambo yamekaa hivyo tangu zamani na huenda salama salimini, mpaka siku mtu anapokufa.

Jacktone na Jael walianza kama wapangaji wa chumba cha uani. Bi Mwanarehema alikuwa mjane tayari, na Mungu hakumjaalia mtoto. Mabati yake yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari, mvua ikinyesha anahamisha kitanda huku na huku. Ndipo Jacktone akasema kwamba yeye angemwondolea mabati hayo, ammiminie dari ya zege isiyovuja, na kisha aruhusiwe kujenga juu yake. Bi alifikiri juma zima. Halafu akawaita mzee wa mtaa na imamu wa msikiti wa kijani, wakaketi kwa kahawa chungu na haluwa, naye akasema mbele yao, "Chini kwangu, juu kwako, ngazi yetu sote. Mimi sitakutoa, wala wangu hatakutoa."

Jacktone, mtu wa bara, akauliza kama haingefaa waandikiane.

Imamu akashughulika na kikombe chake. Bi Mwanarehema akamtazama Jacktone kwa huruma, kama vile mtu anavyomtazama mgeni aliyejikwaa mbele za watu. "Mwanangu," akamwambia, "kwani tumegombana?"

Fatiha ikasomwa, mambo yakaisha. Jacktone alitahayari hata akawa kwa siku nyingi anapita uani ameinamisha kichwa. Swali lake lilikuwa la busara, na lilizimwa kwa aibu. Sasa mzee wa mtaa amekufa, imamu amekufa, na Jacktone mwenyewe amezikwa kwao Ugenya.

Baada ya msiba watu walidhani Jael atafunga virago arudi bara. Hakurudi. Kazi yake ya kushona sare za shule ilikuwa pale, binti yake Lynnette alizaliwa pale, na zaidi ya yote alikuwa amekwisha kuyazoea maisha ya nyumba ile. Maana ilikuwa na sheria zake. Ngazi ilipita kando ya dirisha la chumba cha kulala cha Bi, kwa hivyo mtu wa juu alivua viatu akavishika mkononi kila aliposhuka na kila alipopanda. Cherehani ilinyamaza adhuhuri, wakati wa swala na wa usingizi wa mchana. Nyama ya nguruwe haikuvuka kizingiti. Maji yalivutwa kwa pampu ya chini yakapanda kwenye tangi la juu, na aliyelisikia tangi likifurika alimpigia mwenzake ukelele. Ramadhani Jael hakupika mchana madirisha yakiwa wazi. Krismasi Bi alipandisha sinia la pilau. Hakuna aliyeandika lolote katika hayo, na hakuna aliyekosea.

Jael alijifunza kila kitu. Alijifunza kubisha hodi mara tatu na kuondoka asipoitikiwa. Alijifunza kuulizia hali ya kila mtu wa nyumba kabla ya kutaja shida iliyomleta, na hata kutoitaja kabisa shida hiyo akiona mwenzake amechoka. Wanawake wa mtaa wakawa wanasema, "Jael si wa bara tena, huyu ni wetu," na sifa hiyo ilimnenepesha kuliko chakula. Laiti angalibaki mshamba kidogo.

Aliyelianzisha jambo la karatasi ni Lynnette, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi katika ofisi ya bima. Alipiga simu siku moja, sauti yake imepanda juu.

"Mathe, hiyo keja haina jina lako popote. Popote! Siku hizi kuna sheria, kila mwenye ghorofa anapata hati yake. Tafuta wakili chap chap kabla mambo haijachafuka."

"Bi Mwanarehema hawezi kunitoa," Jael akasema.

"Sijasema yeye. Nasema watu wake. Yeye akienda, utaongea na nani?"

Jael alikaa na maneno hayo tumboni kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Alikumbuka aibu ya mumewe. Mwishowe akashuka, viatu mkononi, akaketi kwenye mkeka, akazunguka sana: akataja bei ya nyuzi, akataja mvua, akataja arusi ya jirani. Bi Mwanarehema alimsikiliza mpaka akachoka, kisha akacheka.

"Mama Lineti, sema uliloshukia."

Akalisema. Akangoja kuambiwa, kwani tumegombana? Lakini Bi hakusema hivyo. Alifuta kioo cha miwani yake kwa ncha ya leso.

"Hata mimi nalifikiria hilo. Wana wa kakangu nawajua, na sasa barabara mpya ya Dongo Kundu imepita, ardhi ya Likoni imekuwa dhahabu. Zamani neno lilitosha kwa sababu wenye neno walikuwa wangalipo. Lete hiyo karatasi, mwanangu. N'tatia dole."

Jael alipanda ngazi siku hiyo akilia kwa furaha. Mpima akaja na vyombo vyake, akapima chini na juu, Bi akamwangulia madafu. Na Jael akavuka feri kwenda mjini kumwona wakili mmoja aliyeitwa Phineas, mtu mnene mwenye subira, ofisi yake iko juu ya duka la magodoro.

Phineas alimweleza kwamba mkataba wa nyumba ya watu wawili si mchezo. Hautoshi kusema hiki changu hiki chako. Lazima useme pia kilicho cha wote na nani anakitunza. Ngazi ni ya nani? Tangi? Paa? Ua wa kuanikia nguo? Bomba la maji machafu likipasuka ukutani, nani ataita fundi? Na ndani ya nyumba mnaishi vipi, kuna kanuni gani?

Jael akamweleza: viatu mkononi, cherehani adhuhuri, nguruwe, tangi, pilau ya Krismasi. Phineas alianza kwa kucheka, kisha akaacha kucheka akaandika.

"Pilau siwezi kuitia kwenye mkataba," akasema. "Lakini haya mengine, mama, ndiyo kanuni zenyewe. Kuna watu wa magorofa makubwa huko Nyali wanaandikiwa kanuni kwa gharama, na kila mwezi wako hapa wanashtakiana."

Alipomaliza akamtazama juu ya miwani. "Ikiwa tayari nitakuita uichukue, umsomee yeye aridhike. Halafu niambie siku, nitavuka mwenyewe nishuhudie dole lake. Usikae nayo. Mkataba bila dole ni karatasi tu."

Katikati ya kuandikwa kwa mkataba huo, Bi Mwanarehema akaanguka msalani.

Madaktari walisema ni moyo, umechoka. Akarudishwa nyumbani alale, na binti wa dadake, Swabra, msichana mpole aliyemaliza shule juzi, akaja kumwuguza. Akili ya Bi ilikuwa timamu kabisa. Aliwajua wote, alikumbuka madeni ya watu, alimkosoa Swabra uji ukiwa mwepesi. Pumzi tu ndiyo ilikuwa haba.

Na wiki hiyo hiyo Phineas akaita. Karatasi ilikuwa tayari.

Jael aliichukua, nzuri, ya kurasa nyingi, ramani ya mpima imeambatishwa nyuma na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Mwisho palikuwa na nafasi nyeupe kwa ajili ya dole. Akaitia bahasha, bahasha akaitia kikapuni, juu yake akaweka maembe na mkate wa mofa, akashuka kwenda kumjulia hali mgonjwa.

Alikuta chumba kimejaa wageni. Akapanda tena na bahasha yake. Nani angesema?

Mara ya pili alimkuta Bi amelala. Akaketi kidogo, akasikiliza ile pumzi inayokwaruza, akaondoka na kikapu chake.

Usiku na mchana alisema na nafsi yake. Nitamwambia nini? Kwamba nimeona hapumui vizuri nikaona bora niwahi dole? Watu wa pale husema mwenye kumtajia mgonjwa mambo ya mali anamchuria, anamwitia kifo mlangoni. Palikuwa na mwanamume mmoja mtaani, Ngowa, aliyempelekea babake karatasi ya shamba hospitalini, na mzee akafa siku ya pili. Miaka imepita, na mpaka leo Ngowa akikaa barazani wenzake hupunguza mazungumzo. Jael alikuwa ameiona hiyo baraza. Naye alikuwa mtu wa kuja. Ngowa angalau alikuwa mtoto wa mtu.

Watu wa Pwani wana neno, muhali. Kuona muhali ni kushindwa kudai lililo haki yako kwa kuchelea kumwudhi mwenzako. Wanalipenda sana, wanawasifu kwalo watoto wao, na wao hao hao wana methali isemayo ukistahi mke ndugu huzai naye. Jael aliyajua yote mawili, muhali na methali. Akashika muhali.

"Ameweka dole?" Lynnette aliuliza kwenye simu.

"Hajapata nafuu."

"Mathe! Si ndiyo maana unafaa kuharakisha!"

"Wewe hujui watu. Haraka haraka haina baraka."

Lynnette akakata simu. Walioutunga msemo huo, nadhani, hawakuwahi kuwa na jambo la ardhi.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Jael alibisha hodi na kusubiri.

"Karibu. Ni Jael huyo? Ndoo ukae hapa karibu, mato yangu hayaoni mbali."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Bi alikuwa ameegemezwa kwa mito. Alikuwa amekonda hata bangili zilimpanda mpaka kiwikoni alipoinua mkono. Swabra alikuwa upande wa kichwani. Jael alipoingia, msichana alikuwa anasawazisha mto, akausukuma mkono chini yake kisha akautoa, akaketi.

"Cherehani yako siisikii siku hizi," Bi akasema.

"Nimeipumzisha, Bi. Nisikusumbue."

"Hainisumbui. Nikiisikia najua u hapo."

Jael akainama. Alitaka kusema kwamba hata yeye alikuwa akikosa usingizi bila kusikia kikohozi cha chini, lakini akaishia kusogeza kikapu chake miguuni.

"Lineti yuwaja lini?"

"Desemba, Mungu akipenda."

"Mwambie akija asilale kwa watu. Hapa ni kwake."

"Nitamwambia, Bi."

Mlango wa kulisema jambo lake ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa. Mkono wa Jael ulikwisha kuingia kikapuni, chini ya maembe, ukaigusa bahasha. Mara Bi akashikwa na kikohozi, kirefu, cha kumkunja, mpaka Swabra akamwinua na kumpangusa jasho. Kilipoisha alilala amefumba macho, midomo imemgeuka rangi. Jael alijiona yuko pale kama mwewe juu ya kifaranga. Akautoa mkono mtupu.

Bi akafumbua macho. "Una jambo, mwanangu?"

"Sina, Bi. Nimekuja kukujulia hali tu."

Bi Mwanarehema akamtazama muda mrefu. Kisha akamtazama Swabra, na Swabra akaangalia sakafu.

"Haya," Bi akasema. "Inshallah, siku nyingine."

Jael alipanda juu akiwa mwepesi wa roho. Alijiambia kwamba amefanya lililo jema, kwamba Bi ataamka akiwa na nguvu, na hapo watakaa kama watu, Phineas avuke, kahawa inywewe, mambo yafanywe kwa heshima. Aliamini hivyo kweli.

Siku mbili baadaye, alfajiri, kipaza sauti cha msikiti wa kijani kikatangaza jina la Bi Mwanarehema. Jael alikuwa amekwisha kujua, kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimenyamaza. Alishuka akasaidia kuteka maji ya kuoshea maiti. Adhuhuri jeneza likatoka kwa mabega ya wanaume, nao wanawake wakabaki kwenye majamvi. Jael alilia hata wanawake wa mtaa wakaacha kulia wakambembeleza yeye. "Huyu ndiye aliyekuwa mtoto wake," walisema. Walisema hivyo kwa dhati. Lakini mtoto wa kusemwa harithi.

Arobaini ilipokwisha akaja Hashim, mtoto wa kakake Bi, mwuza vipuri vya magari huko Kisauni. Usifikiri nitamchora kuwa shetani, hakuwa. Alivua viatu chini ya ngazi bila kuambiwa, akapanda, akabisha hodi.

"Shikamoo, Mama Lynnette."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alikataa chai, jambo ambalo lilimwambia Jael kila kitu. Akaketi ukingoni mwa kiti, akasema warithi wamekaa. Wako wengi, wengine wapo Lungalunga, wengine Oman, wengine hajawahi hata kuwaona sura. Mirathi lazima igawanywe, na nyumba haigawanyiki. Amepatikana mnunuzi, anataka kiwanja tu, apange malori karibu na barabara mpya. Nyumba itavunjwa.

"Na juu?" Jael akauliza. "Juu ni kwangu, Hashim. Bi alisema mbele ya watu."

"Watu gani, mamangu?"

Jael akawataja. Hashim akasema, "Mungu awarehemu," na Jael akaona jinsi majina hayo yalivyokuwa mepesi sasa.

Akaenda ndani, akaileta ile karatasi. Hashim aliisoma yote, taratibu, hata kanuni za viatu na cherehani, na alipofika kwenye nafasi nyeupe ya mwisho akaitazama, akaikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ningekuwa peke yangu, wallahi, ningekuachia. Lakini siwezi kutoa haki ya wenzangu. Ningalipata dole moja tu hapa, ningesimama mbele yao niseme marehemu alitaka hivi, na nani angenipinga?" Akasimama. "Mabati, milango na madirisha ni yako. Chukua usiharakishe. Nimewaambia wasikusumbue."

Jael alivuka kwenda kwa Phineas. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu, kwa nini dole halikupatikana, na Jael akajaribu kumweleza. Alieleza kuhusu kikohozi. Alieleza kuhusu Ngowa. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya kipumbavu katika ofisi ile yenye feni na makabati.

"Sheria inaona kilichojengwa juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi," Phineas akasema. "Tunaweza kwenda mahakamani, tuseme kulikuwa na ahadi, ukajenga kwa ahadi hiyo."

"Tutashinda?"

Akaangalia feni. "Tutawachelewesha. Na wewe utakwisha kabla yao."

Hakumdai chochote siku hiyo. Hilo nalo Jael alilielewa.

Kwa hivyo akaanza kuibomoa nyumba yake. Fundi mmoja aliyeitwa Dancun alikuja kung'oa, akaanza na madirisha, kisha milango, kisha akapanda juu ya paa. Kuta hazibebeki, dari ya zege aliyoimimina Jacktone kwa mikono yake, akipokezana ndoo na wenzake wa bandarini huku Jael akiwapikia, haibebeki. Jael alikuwa amepata chumba cha kupanga Changamwe, kwenye jumba refu kando ya barabara ya malori. Alikwenda kukiona mara moja. Watu walipishana kwenye ngazi wakiwa na viatu miguuni, hakuna aliyemwamkia mwenzake.

Siku ya mwisho alikuwa anafunga cherehani kwa gunia na kamba, Swabra akaja. Msichana naye alikuwa anahama. Mtoto wa dada hana fungu penye watoto wa kaka, kwa hivyo alikuwa anarudi kwa babake na nguo zake tu. Alisimama mahali palipokuwa mlango, akabisha hodi kwenye hewa.

"Pita, mwanangu."

Swabra hakukaa. Alifungua pindo la leso akatoa kibati bapa cha mviringo, kama vile vya mafuta ya kupaka, akakiweka juu ya cherehani. Jael akakifungua. Ndani mlikuwa na sponji ya buluu, imelowa wino. Ilikuwa ya kutilia dole.

"Ni cha nani?"

"Cha mama mkubwa. Alikinunua siku ile ile mpima alipoondoka. Nilipokuja kumwuguza akasema kikae chini ya mto, Jael akija na karatasi tusianze kuhangaika." Msichana alilifunga tena pindo la leso. "Kila ulipobisha hodi alikuwa akiniambia, kiweke karibu, yuwaja. Ukitoka, ananiambia, kirudishe."

Jael alikaa juu ya gunia la nguo. Juu ya paa nyundo ya Dancun iligonga, ikatulia, ikagonga.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwambia, muulize. Akasema, nitamuulizaje? Nikimtajia karatasi, atadhani namwona kama mtu anayengoja nife. Mwache, Jael ana adabu zake, akiwa tayari atasema." Swabra akajifuta uso. "Siku ile ya mwisho niliiona pembe ya bahasha kwenye kikapu chako. Niliiona, Mama Lynnette. Nikaona muhali."

"Hashim ulimwambia haya?"

"Nilimwambia yote. Akasema ananiamini. Akasema lakini kuamini hakugawi mirathi."

Jael alikitazama kile kibati na akajichukia, akachukia kila hodi aliyobisha kwa upole na kila sifa aliyopewa mtaani. Alimkumbuka Jacktone akiuliza swali lake la wazi mbele ya wazee, akaona aibu kwamba aliwahi kumwonea aibu. Kisha akamwonea uchungu Bi Mwanarehema, mgonjwa amelala juu ya wino, akingoja jirani yake aseme neno moja. Watu wawili walitaka jambo moja, chumba kimoja, mchana kweupe, na msichana wa kushuhudia yupo.

"Kichukue," akamwambia Swabra.

"Nitakifanyia nini?"

Jael akakifunika, akakitia kikapuni.

Dancun aliteremsha bati la mwisho na jua likaingia chumbani lote. Alisema mkokoteni umefika, wapakie kabla gari la Changamwe halijaondoka, na akaushika upande mmoja wa cherehani. Jael akamwambia atangulie na Swabra, yeye anakuja. Alizunguka vyumba vyake, ambavyo sasa vilikuwa kuta tu, akaokota kipande cha chaki ya kukatia nguo, akakitupa.

Halafu akafika kwenye ngazi, akainama, akavua viatu. Alishuka navyo mkononi, pole pole, akapita kando ya dirisha la chumba cha Bi, ambacho kilikuwa kitupu.